Weupe Mapafuni: Tahakiki ya Istilahi za Picha za Kifua

Tangu UVIKO-19 uingie nchini mwezi Machi 2020, wafasiri wamelazimika kuyapa majina mambo ambayo hapo awali madaktari waliyazungumza wao kwa wao. Mojawapo ni mabadiliko yaonekanayo mapafuni, katika picha za siti-skani, miezi mingi baada ya virusi kutoweka. Tumezipima tafsiri tatu tunazokutana nazo, na hatuna budi kusema kwamba zote zina kasoro.

Ya kwanza ni "kioo kilichosagwa". Aliyeitunga alifuata neno la Kiingereza, asifuate picha. Wataalamu walikusudia kioo kilichosuguliwa hata kikapoteza ung'avu. Bali katika Kiswahili kitu kilichosagwa ni unga. Mgonjwa aambiwaye ana kioo kilichosagwa kifuani atauliza nani aliyemlisha.

Ya pili ni "kivuli". Neno hili ni zuri, lakini lina mzigo wake. Mkoani Kilimanjaro, ambako hospitali ya Kibong'oto ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, kivuli pafuni ni rahisi kudhaniwa kuwa maradhi hayo. Aliyepona ugonjwa mmoja asitwikwe jina la mwingine.

Ya tatu, "mapafu yaliyoharibika", ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwani hutoa hukumu kabla ya ushahidi. Sehemu kubwa ya weupe uonekanao baada ya UVIKO-19 hupungua kadiri miezi ipitavyo. Kwa baadhi ya watu, hasa waliougua sana, hubaki makovu. Tena wingi wa alama pichani haulingani daima na ugumu wa pumzi.

Tumfikirie mpagazi wa Marangu, ambaye riziki yake ni kubeba mizigo ya wapanda mlima. Akisomewa kwamba mapafu yake yameharibika, aweza kuacha kazi, au kuachishwa, kabla pumzi yake haijapimwa. Kinyume chake, mwenye makovu akiambiwa kwamba ni weupe tu wa kupita, aweza kupanda kuelekea Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani.

Sisi twapendekeza istilahi tatu, na mlima wenyewe watufundisha tofauti zake. Asubuhi ya ukungu, migomba huonekana bado, ingawa kwa kufifia. Wingu zito likitanda, Kibo haionekani kabisa. Vivyo hivyo, "weupe wa ukungu" uwe ule usioficha mishipa ya damu pichani. "Mjazo wa pafu" uwe ule uifichao, kwa kuwa vifuko vya hewa vimejaa majimaji au kitu kingine. Na "kovu la pafu" liwe nyuzi ngumu zilizochukua mahali pa nyama laini, zikalivuta pafu.

Huenda msomaji akapinga kwamba ukungu ni pia ule uotao juu ya mkate. Ni kweli, ndiyo sababu hatukupendekeza "ukungu wa pafu", usije ukadhaniwa kuwa maradhi ya kuvu. Neno "weupe" lisiachwe.

Na pale ambapo daktari mwenyewe hajaamua, mfasiri asimwamulie. Aandike "alama", kisha aishie hapo.