RTNC: wakati wa vita wote wanaikimbilia, wakati wa amani inasema na nani?



Leo nataka tuongee RTNC, ile radio na televizio ya taifa. Kati yetu vijana imekuwa sawa mzee wa nyumba ambaye kila mtu anamcheka na hakuna anayemsikiliza, lakini nyumba bado iko kwa jina lake. Mimi nilisomea mashamba, sikusomea mambo ya habari. Mnisamehe basi kama ninaipima kwa kipimo cha mtu wa mashamba.

Lawama ya kila siku mnaijua: RTNC ni mdomo wa Serikali, kazi yake ni kusifu wakubwa. Ni kweli, na si jambo la jana. Wazazi wetu wanakumbuka wakati wa Zaire, jurnali ilipofunguliwa na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Mwezi wa 5 mwaka 1997 AFDL waliingia Kinshasa, OZRT ikageuka RTNC. Mawingu yakatoka, sifa zikabaki. Katika uchaguzi wa 2011 waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliandika kwamba RTNC ilimpendelea sana rais aliyekuwa madarakani. Na wakati huo Katiba ya 2006, kifungu cha 24, ilikuwa imekwisha kusema wazi: vyombo vya habari vya Leta ni huduma ya watu wote, na kila upande wa siasa na wa jamii unapashwa kupata nafasi ndani yake kwa haki.

Hayo yote sawa. Lakini tukibaki pale tu, tunaona nusu ya kosa. Hata kesho RTNC ikigawa dakika sawasawa kati ya watu wa Serikali na wapinzani, bado itakuwa inaongea na wakubwa kuhusu wakubwa. Sisi wengine tutabaki wasikilizaji wa mabishano ya watu wasiotujua.

Na sisi watu wa Kisangani tunapashwa kujua bei ya ile mikro kuliko watu wengi wa inchi hii. Mwaka 1964, Simba walipokamata mji mwezi wa 8, wakati ukiitwa bado Stanleyville, radio ya mji ikawa sauti yao, hadi maparakomando wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 mwezi wa 11. Tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka 2002, askari walioasi RCD-Goma waliingia asubuhi ndani ya kituo cha radio ya taifa hapa kwetu, wakaita wananchi wafukuze Warwanda. Mikro ile waliishika masaa machache tu. Nyuma yake RCD walirudi kulipiza, na watu wengi waliuawa, huko Mangobo na kwenye daraja la Tshopo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni wakubwa wa nyumba wakipunguza sauti ya radio, lakini bila kuizima.

Fikirini jambo hilo. Mtu mwenye bunduki, siku yake ya kwanza, anakimbilia mikro. Anajua kwamba sauti ile inaingia ndani ya nyumba ambamo yeye mwenyewe hawezi kuingia. Basi vita vikiisha, tunaifanyia nini mali kama hiyo? Tunaiachia kazi ya itifaki. Mheshimiwa fulani amefungua semina. Mheshimiwa fulani amepokea wageni. Mheshimiwa fulani amekata utepe, watu wakapiga makofi. Tunaambiwa nani aliketi kwenye kiti cha mbele. Lakini semina iliamua nini? Feza ni ngapi, zitatoka lini, na nani atakwenda kuangalia kama kazi imefanyika? Pale ndipo habari ingeanza, na pale ndipo jurnali inapita kwa semina nyingine.

Sasa kipimo changu cha mashamba. Nina shangazi anayelima mihogo na ndizi kwenye njia ya Buta. Telefone yake ni ndogo ya kubonyeza, intaneti hana, lakini radio anayo, na mawe yake ya radio anayaanika juani yakichoka. Huyu mama kila asubuhi anahitaji mambo matatu. La kwanza, gunia la mihogo linauzwa bei gani leo soko kuu, ili mnunuzi anayekuja na pikipiki asimdanganye. La pili, maji ya mto yamefika wapi. Mwezi wa 1 mwaka 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 kule Kinshasa, karibu na kile kipimo cha mwaka 1961. Kwa mkulima wa bondeni, habari ya maji yanayopanda ni tofauti kati ya kuvuna mapema na kupoteza yote. La tatu, magonjwa. Ule ugonjwa wa ndizi unaofanya majani yasimame pamoja juu sawa kifungu, hauna dawa: mtu anapashwa kung'oa shina lote na asichukue miche pale. Dakika tano za Kiswahili zinatosha kuyaeleza yote hayo.

Mwaka moja nilijaribu. Nilikwenda kwa kituo kimoja cha hapa mjini, sitakitaja jina, na ukurasa moja kuhusu namna ya kuchagua vijiti vya mihogo visivyo na mozaiki. Bwana aliyenipokea alisoma, akasema ni vizuri, kisha akauliza: "Na mfadhili wako ni nani?" Nikasema sina. Akanirudishia karatasi yangu kwa heshima yote. Simlaumu yeye peke yake. Mwandishi ambaye mshahara wake haueleweki atakwenda kwa mwenye bahasha, na mkulima hana bahasha. Wafanyakazi wa RTNC wenyewe wamegoma mara nyingi juu ya mishahara yao. Tukitaka radio isimame upande wetu, tuanze kuuliza kwa nini Leta inailipa vibaya.

Mtu ataniambia: "Lakini tuna Radio Okapi." Kweli. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2002 Okapi imetuonyesha kwamba inawezekana kutoa habari kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba, na watu wakaziamini. Lakini Okapi ilizaliwa na Umoja wa Mataifa, pamoja na Fondation Hirondelle. Ni nyumba ya kupanga. MONUSCO walikwisha kuondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Siku mwenye nyumba atachukua funguo zake, ni sauti gani ya watu wote itabaki? Itabaki ile tunayoicheka.

Na sisi wasomi tusijifiche. Mimi niliandika memware yangu kwa Kifaransa kizuri, nikaitetea, nikapigiwa makofi, leo inalala ndani ya kabati. Shangazi yangu hajasikia hata sentensi moja. Tofauti yangu na yule mheshimiwa wa utepe iko wapi? Na mimi nimeongea na wakubwa kuhusu mambo ya wadogo.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, linaloweza kupimwa. RTNC ya Kisangani itupatie robo saa kila asubuhi, kwa Kiswahili na Kilingala: bei za soko, maji ya mto, ugonjwa wa wiki. Bila mheshimiwa ndani na bila bahasha. Sisi wa agronomia tutaandika na kusoma kwa zamu, bila kulipwa. Mwenye kuwa tayari aandike jina lake hapa chini pamoja na somo lake. Tukifika kumi, tunakwenda pamoja kuomba ile robo saa. Wakikataa, tutakuwa angalau na jibu, na swali la "mfadhili wako ni nani?" safari hii litapata watu kumi wa kulisikiliza.

Jina la kwanza ni langu. Somo: vijiti vya mihogo.