Pitino Alimwacha Hill Huru

Zimebaki sekunde 2.1, Kentucky 103, Duke 102, na Rick Pitino, kocha wa Kentucky, anaamua kutomweka mtu mbele ya Grant Hill, mrushaji wa Duke. Kila tunapobishana kuhusu mchezo ule wa Machi 28, 1992, pale Spectrum, Philadelphia, watu hukimbilia kwa Christian Laettner, aliyefunga kikapu cha ushindi cha Duke. Kosa lilianza mita 23 kabla yake, chini ya kikapu cha pili, na lilikuwa la kocha.

Hoja ya kumtetea naijua: ukimwacha mrushaji, unabaki na wakabaji watano dhidi ya wapokeaji wanne. Kwenye ubao hesabu inakubali. Uwanjani, Hill alisimama bila mkono wowote usoni, akatazama, akavuta mkono nyuma na kuachia pasi iliyonyooka hadi mstari wa faulo. Mwezi mmodi tu nyuma, dhidi ya Wake Forest, Hill huyohuyo alirusha pasi ya namna ileile ikapinda, ikamtoa Laettner nje ya uwanja. Pasi ndefu kiasi kile huharibiwa na kitu kidogo sana. Mtu mrefu akimrukia mrushaji, mpira hulazimika kupanda zaidi, na ukipanda unachelewa. Jamal Mashburn alikuwa ametoka kwa faulo tano, ndiyo, lakini mikono mirefu haikuwa imeisha kwenye benchi.

Halafu likaja agizo la pili: msifanye faulo. Deron Feldhaus nyuma, John Pelphrey mbele, wote wawili wakarudi nyuma mpira ulipofika. Laettner akapokea akiwa amegeukia kule mpira ulikotoka, akadanganya kulia, akadunda mara moja, akazunguka kushoto, akafunga. Mtu ambaye jioni ile hakuwa amekosa mtupo hata mmoja, wa kawaida wala wa faulo, anapewa nafasi ya kudunda! Alimaliza na 10 kwa 10, mara mbili, pointi 31. Matokeo 104-103.

Kinachoniuma ni kwamba huyu ndiye Pitino wa presha uwanja mzima, kocha anayehesabu kila mpira ulioguswa na wachezaji wake na kudai 35 kwa mchezo. Ni presha hiyo iliyowarudisha Kentucky wakiwa nyuma kwa pointi 12 kipindi cha pili. Mguso mmoja ulipohitajika kuliko yote, alimwondoa mtu wa kuugusa. Onyo lilikuwepo tangu 1990: Connecticut walimwacha Laettner bila mkabaji akirusha kutoka pembeni. Mike Krzyzewski, kocha wa Duke, akaliona pengo, akabadili mpango papo hapo. Laettner akampa Brian Davis, akarudishiwa, akafunga. Duke 79-78.

Nimesema mara nyingi na narudia, John Wooden asingeogopa urefu wa mtu. Fainali ya 1964 Duke walikuwa na majitu mawili ya futi 6 na inchi 10, UCLA hawakuwa na mchezaji wa kuanza aliyezidi futi 6 na inchi 5. Wooden aliendelea kubana, akaondoka na pointi 16 mfululizo, akashinda 98-83.

Mengine mengi ya Pitino yako sawa. Providence nne bora 1987 kwa kuukumbatia mstari wa pointi tatu kabla ya wenzake, Kentucky aliyoiokota kwenye adhabu hadi ubingwa wa 1996, St. John's aliyoifufua. Boston Celtics, ushindi 102 kwa vipigo 146, hakupaswa kwenda kabisa. Makocha wa vyuo wanaokimbilia NBA hawajifunzi. Na ubingwa wake wa 2013 akiwa Louisville ulifutwa.

Ilipaswa kuwa hivi: Pelphrey, futi 6 na inchi 7, anaruka mbele ya Hill na kumfuata akihama kwenye mstari. Feldhaus anabaki mgongoni kwa Laettner, Sean Woods anasimama mita mbili mbele yao, macho kwenye mpira. Wapokeaji wengine watatu wa Duke wagawane wakabaji wawili. Wafunge wao, kama wanaweza.