Farasi wa Ndani ya Simu na Swali la Damu

Mhariri aliniomba niandike juu ya kitabu. Nimeshindwa. Miezi mitatu hii sikumaliza kitabu hata kimoja, ila nimefuga farasi. Basi nitaandika juu ya farasi, na naomba mnisome kama mnavyosomaga wahakiki wengine wa jarida letu, yaani bila kunionea huruma.

Farasi wenyewe wako ndani ya simu. Mchezo unaitwa Howrse. Ulianzishwa Ufaransa mwaka 2005 na kampuni ndogo iliyoitwa Owlient, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikanunuliwa na Ubisoft. Hauna vita wala risasi, na hautaki simu ya bei. Ni kurasa tu: picha ya farasi, namba nyingi, na vitufe. Unapewa farasi mmoja, unamlisha, unamnywesha, unamsugua kwa brashi, unampeleka kazini, usiku unamlaza. Siku yetu moja ni miezi miwili ya maisha yake. Mimba ni miezi 11, kwa hiyo siku ya sita unapata mtoto. Mtoto akifikisha miaka mitatu, yaani baada ya siku 18, unaweza kumwingiza kwenye mashindano: mbio, kuruka vizuizi, mwendo wa madaha. Akishinda anapata utepe. Akipata sifa, wenye majike wanakulipa pesa ya mchezo, inaitwa equus, ili dume lako liwapande.

Mama alipoona hivyo alisema: "Unalishaka farasi yenye haiko, na mbuzi yenye iko inalia njaa?" Ni uhakiki mfupi kuliko wangu na una ukweli ndani. Lakini mama hakuona vyote.

Kwanza niseme kwa nini mchezo huu unashika mtu. Sisi kwetu hatukuwa na farasi. Mbung'o na magonjwa mengine viliwakataa farasi katika sehemu kubwa ya Kongo. Hata wakoloni walibebwa na watu kwenye tipoye. Kwa hiyo si kumbukumbu ya nyumbani iliyonivuta. Kilichonivuta ni kungoja. Hapa Nakivale kila mtu ni fundi wa kungoja: unangoja mahojiano, unangoja jina lako libandikwe ukutani, unangoja simu ambayo namba yake hujawahi kuiona. Hakuna anayeweza kukwambia itakuwa lini. Mchezo huu nao ni wa kungoja, lakini kungoja kwake kuna hesabu. Ukiambiwa siku ya sita, ni siku ya sita. Unaamka, unatafuta mahali penye mtandao, unabonyeza, na mtoto yupo, ana rangi, ana jinsia, anasubiri jina. Sikutegemea kama jambo dogo hivyo lingenipa furaha. Na sioni haya kuliandika.

Sasa tuingie kwenye ufugaji wenyewe, maana hapo ndipo mchezo unajidai kufundisha kitu.

Kila farasi ana ukurasa wa ujuzi: uvumilivu, kasi, madaha, mbio, mchapuko, kuruka. Juu ya hizo namba kuna namba moja kubwa, uwezo wa kuzaliwa nao, ambao mtoto anaupata kwa wazazi. Kazi ya mfugaji ni kuupandisha, kizazi baada ya kizazi. Unachukua bora na bora, unapata bora zaidi. Nilijaribu kumpandisha dume kwa binti yake mwenyewe ili niharakishe, na mchezo haukunikataza. Mtoto alizaliwa mzima, namba zake nzuri.

Hapa namwomba msomaji atoke nje atazame malisho. Tunaishi katika nchi ya Ankole. Ng'ombe wa hapa, wale wa pembe ndefu, tunawaona kila siku wakishuka ziwani. Wenyeji, Wahima, wamewachagua kwa vizazi vingi kwa kutazama rangi na pembe. Ile rangi nyekundu iliyoiva wanaiita bihogo na wanaipenda kuliko zote. Siku hizi wengi wanapandisha na Frisiani ili wapate maziwa. Na kweli maziwa yanapatikana. Lakini muulize mchungaji, atakwambia bei yake. Frisiani anataka maji mengi, anataka majani mazuri, anataka kuoshwa dawa ya kupe kila mara, la sivyo ndigana inamchukua. Wa pembe ndefu anakupa maziwa kidogo, ila kiangazi kikija bado amesimama. Kila unachoongeza hapa kinapungua pale. Ndiyo ufugaji wenyewe huo, na wafugaji wanabishana jioni nzima kwa sababu hakuna jibu moja.

Kwenye Howrse hakuna ubishi huo. Namba inapanda tu. Hakuna farasi wa kasi mwenye miguu dhaifu, hakuna ukame, hakuna gharama ya kuzaa na ndugu. Kama ingekuwa riwaya, ningesema mwandishi anawapenda mno wahusika wake hata hataki wapatwe na jambo. Huu ni udhaifu wa kwanza.

Udhaifu wa pili umejificha katika neno moja. Ukicheza kidogo utakutana na alama inayoitwa BLUP. Farasi anaanza akiwa chini kabisa, hasi, na unahangaika kumfikisha 100. Ili afike, anatakiwa afike umri wa miaka 10, amalize mazoezi yote, na ashinde mashindano 20. Farasi wa 100 ndiye anayestahili kuzaa, kwa sababu mtoto wake anarithi vizuri zaidi. Nilidhani ni neno la kuchekesha la mchezo. Kumbe ni neno la sayansi.

Aliyeitengeneza hesabu hiyo ni Mmarekani, Charles Henderson, aliyefundisha chuo cha Cornell na kushughulika na ng'ombe wa maziwa. Shida aliyotaka kuitatua ni hii. Una ng'ombe wawili. Mmoja anatoa lita nyingi, mwingine kidogo. Yupi ana mbegu bora? Haraka utasema wa lita nyingi. Lakini je, kama huyo wa lita nyingi analala zizi zuri, anakula vizuri, na mwaka wake ulikuwa wa mvua? Na huyo wa lita chache anachungwa kwenye mawe? Maziwa peke yake hayawezi kukwambia. BLUP ni njia ya kupunguza mchango wa zizi, wa mwaka, wa malisho, na kutazama ndugu zake wa mazizi mengine, ili ukadirie kile kilichomo ndani ya mnyama mwenyewe. Wafaransa wanaitumia kweli kwa farasi wa michezo, na nafikiri ndiko mchezo ulikolichukua jina.

Sasa tazama walichofanya. Wamechukua jina la hesabu inayomtetea mnyama wa malisho mabaya, wakaligeuza kuwa orodha ya vikombe. Kwenye mchezo, BLUP haiulizi ulishinda ukiwa zizi gani. Inauliza tu umeshinda mara 20? Na kushinda kwenyewe kunategemea muda ulio nao wa kufungua mchezo, na pasi, ambazo mtu mwenye pesa halisi anaweza kuzinunua. Mwenye mtandao nyumbani kwake na mwenye kupanda mlima kutafuta alama mbili za mtandao wanahesabiwa sawa, halafu namba inayotoka inaitwa thamani ya damu ya farasi.

Nilipolielewa hilo niliacha simu nikakaa kimya. Maana hiyo si habari ya farasi. Nimefundisha hapa darasa la watoto zaidi ya 100, mabenchi hayatoshi, kitabu kimoja watoto wanane. Matokeo yakitoka, karatasi inasema mtoto fulani ni dhaifu. Hakuna anayepunguza darasa, hakuna anayepunguza njaa ya mwisho wa mwezi wala lugha ya tatu aliyoanza kujifunza akiwa na miaka tisa. Karatasi inahesabu lita za maziwa, basi. Henderson alifanya kazi miaka mingi ili ng'ombe asionewe hivyo. Sisi bado hatujatengenezewa ya kwetu.

Udhaifu wa tatu ni mgumu kwangu kuuandika, lakini bila huo uhakiki huu ni nusu.

Kila farasi ana ukurasa wa nasaba. Unaona baba, mama, babu, bibi, mpaka juu. Na kuna asilimia. Wazazi wote wawili wakiwa wa aina moja, wazaliwa safi, mtoto anaandikwa 100. Wakiwa wa aina mbili, asilimia inavunjika, na haitengenezeki tena kwake hata ashinde mashindano yote. Wafugaji wakubwa wanataka safi. Soko limewazoea safi.

Mtetezi wa mchezo atasema: ndivyo ilivyo kwa farasi wa kweli. Ni sawa, lakini tuisome hiyo historia mpaka mwisho. Farasi wa mbio wa Kiingereza, yule anayeitwa Thoroughbred, ndiye mfano mkubwa wa usafi wa damu duniani. Kitabu chao cha nasaba kilianza mwaka 1791, na mpaka leo asiyetokana na walioandikwa humo haingii. Lakini ukifuata baba kwa baba unawafikia madume watatu tu, na majina yao yanajisema yenyewe: Byerley Turk, Darley Arabian, Godolphin Arabian. Mturuki na Waarabu wawili. Huyo Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, akapelekwa Uingereza mwaka 1704, akapandishwa kwa majike waliokuwa huko. Yaani usafi huo ulianza na wageni na mchanganyiko. Baada ya wageni kuingia na kuzaa, mlango ukafungwa, kitabu kikaandikwa, na waliokuwa ndani wakaitwa safi.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tunazijua hesabu za namna hii. Tulipokuwa tunakimbia, kwenye kizuizi kimoja, mtu mwenye bunduki alimtazama yaya wangu pua, akamtazama urefu, akamuuliza mama yake ni wa wapi. Baba ni wa kabila moja, mama wa lingine. Yaya alijibu kwa lugha ya baba. Tukapita. Wengine waliokuwa nyuma yetu waliulizwa swali lile lile. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nilipofungua ukurasa ule wa asilimia mara ya kwanza, kidole kilisita. Siwalaumu waliotengeneza mchezo kana kwamba walitukusudia sisi. Wao walikuwa wanawaza paddock na utepe. Lakini mhakiki anasoma kazi akiwa amekaa mahali fulani, na mimi nimekaa hapa. Mchezo unaomfundisha mtoto kwamba mchanganyiko ni kosa lisilofutika kwenye ukurasa wake, unamfundisha hivyo hata kama una picha nzuri za maua ya kando.

Aliyenisaidia kumaliza mawazo ni mdogo wangu wa kike, ana miaka 12. Aliomba nimwachie farasi mmoja, nikamwachia jike. Hakunishauri. Alimpandisha kwa dume la aina nyingine kwa sababu, alisema, "iko na madoa muzuri." Siku ya sita akazaliwa mtoto wa madoa, asilimia nusu kwa nusu. Nilimwelezea habari ya soko, kwamba huyu hatapata bei. Akaniuliza:

"Juu ya nini?"

"Juu haiko safi."

"Anachafuka wapi? Nilimupiga brashi sasa hivi."

Sikuwa na jibu. Nilicheka, halafu nikaona kwamba yeye ndiye anafuga kama Mhima, kwa macho, kwa kupenda rangi, na mimi nilikuwa nafuga kama karani wa kizuizini.

Je, mchezo ni mbaya? Hapana. Nawashauri wenye muda waujaribu, bila kutoa hata shilingi moja, maana usiponunua kitu unaona vizuri zaidi umejengwaje. Kwa kufundisha subira ni mzuri. Kwa kufundisha kuweka hesabu ya kila siku ni mzuri sana. Mdogo wangu amejifunza asilimia hapo kuliko shuleni. Kama mchezo wa ufugaji, ni mwepesi, kwa sababu hautaki kulipa gharama ya uchaguzi wowote. Na kama hadithi, maana kila mchezo una hadithi chini yake, unasimulia ile hadithi ya zamani kwamba thamani iko kwenye damu na ushahidi wake ni vikombe. Hadithi hiyo tumeisikia ikisimuliwa na watu waliokuwa na silaha, kwa hiyo tuna haki ya kuihakiki hata ikija na farasi wa rangi ya maziwa.

Ningependa kijana mmoja wa hapa, wale wanaojifunza kompyuta, atengeneze mchezo wa ng'ombe wa pembe ndefu. Uwe na kiangazi. Uwe na kupe. Frisiani atoe maziwa mengi halafu afe mwezi wa saba ukimsahau. Na ukurasa wa nasaba uwepo, sikatai, watu wanapenda kumjua babu yao, ila usiwe na asilimia.

Yule wa madoa bado yupo. Mdogo wangu anamwingiza mashindanoni kila akipata simu yangu. Mara nyingi anashindwa. Leo asubuhi kapata ushindi wa tatu, zimebaki 17.