Miksa kwa Watu Wanaoimba Pamoja

Kijana anayetengeneza Bongo Fleva chumbani kwake Mbinga mjini hahitaji miksa. Nalisema hili mapema kwa sababu nawaona watu wanaomaliza akiba ya msimu mzima wa kahawa kwa kifaa chenye vitufe na taa nyingi, kisha wanakichomekea maiki moja tu. Biti inaundwa ndani ya kompyuta, msanii anavaa hedifoni, anaingiza sauti peke yake na kurudia mstari mpaka ukae. Kwa kazi hiyo kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili inatosha kabisa. Fedha inayobaki ikanunue maiki nzuri, stendi isiyoyumba na magodoro ya kuegemeza ukutani.

Miksa ya dijitali inaanza kuwa na maana pale watu wanapoimba pamoja, na huku kwetu watu wanaimba pamoja. Kuna kwaya za parokia na vigango vya Jimbo Katoliki la Mbinga juu milimani Umatengo. Kuna kwaya za Waanglikana upande wa Liuli. Kuna kina mama wa ngoma ya kioda, na kuna vikundi vya ngoma ya mganda vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Ukimtoa mwanakwaya mmojammoja aimbe mbele ya maiki akiwa peke yake, utapata sauti safi na wimbo uliokufa. Sauti ya nne hujiweka sawa kwa kuisikia sauti ya kwanza. Mpiga ngoma huongeza mwendo anapoona mwalimu wa kwaya ameinua mkono. Mambo hayo hayarekodiwi kwa zamu.

Wazee wetu wa Radio Tanzania Dar es Salaam walilijua hilo. Katika studio zao za Barabara ya Pugu bendi nzima ilipiga wimbo kwa mkupuo mmoja huku mkanda ukizunguka. Tarumbeta ikiteleza ubeti wa mwisho, wote wanaanza upya. Uhai wa rekodi zile unasikika hadi leo, lakini gharama yake ilikuwa kwamba uwiano wa sauti uliamuliwa papo hapo: besi ikiwa imezidi, imezidi milele. Miksa yenye uwezo wa kuhifadhi kila maiki kwenye traki yake inatupa vyote viwili, yaani watu waimbe pamoja na fundi abaki na nafasi ya kurekebisha baadaye. Kampuni ya Yamaha ilitoa miksa ya dijitali ya DMP7 mwaka 1987, lakini kwa miaka mingi vifaa vya aina hiyo vilibaki vya studio na kumbi zenye fedha. Behringer X32 ya mwaka 2012 ni miongoni mwa zilizoishusha bei hadi makanisa ya kawaida nayo yakaanza kununua.

Sasa tuje kwenye mtego mkubwa wa dukani. Muuzaji atakuonyesha miksa yenye chaneli kumi na mbili na tundu la USB, atakwambia inarekodi. Anasema kweli, ila haijatimia. Yamaha MG12XU, kwa mfano, ni miksa nzuri sana ya analojia, lakini USB yake inapeleka kwenye kompyuta traki mbili tu, kushoto na kulia, sauti zote zikiwa zimekwishachanganywa. Ukirudi nyumbani na kukuta kinanda kimefunika sauti ya pili, huna pa kukishika. Kwa hiyo usiulize chaneli ngapi zinaingia. Uliza traki ngapi zinahifadhiwa kwa wakati mmoja, kila moja peke yake. Swali hilo moja linaondoa nusu ya vifaa vilivyo kwenye rafu.

Zinazobaki ziko za namna mbili. Ya kwanza ni boksi lisilo na fada, yaani vishikio vya kusukuma juu na chini ili kupandisha au kushusha sauti, kama Behringer XR18: lina matundu kumi na sita ya maiki, linaendeshwa kwa kishikwambi, na linapeleka traki 18 kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwa uwezo wa kuchanganya sauti ni kifaa kikubwa, lakini bila kompyuta huwezi kurekodi hizo traki 18. Soundcraft Ui24R imelitatua hilo kwa kuandika traki zake moja kwa moja kwenye flashi, ingawa nayo inasubiri skrini ya nje na waifai. Ya pili ni miksa inayobeba kinasa chake ndani na kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, kama Zoom L-12, inayoandika traki 14 kwa mpigo, au jamii ya Tascam Model, ambayo mwili wake ni wa analojia na kinasa chake ni cha dijitali.

Kwa mazingira yetu mimi nachagua hii ya pili bila kusita. Kompyuta ndiyo kiungo dhaifu: inajisasisha katikati ya wimbo, feni yake inavuma kwenye maiki, chaja yake inaleta mnguruma kwenye spika. Miksa yenye kadi unaiwasha, unabonyeza kitufe chekundu, kazi inaanza. Fada za kushika kwa mkono nazo zina faida ambayo watu wa mjini wanaidharau. Mwalimu wa kwaya ambaye hajawahi kugusa programu yoyote anaelewa fada ndani ya dakika moja, na anaweza kukaa karibu nawe akasema sauti ya tatu ipande kidogo.

Kisha umeme. Mbinga iliishi muda mrefu kwa majenereta ya dizeli, mpaka njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018 na mkoa wa Ruvuma ukaingia kwenye gridi ya taifa. Hali ni bora kuliko zamani, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili mvua na radi bado zinakata umeme ghafla. Kwa kinasa cha mkanda, kukatika kwa umeme kulikupotezea sekunde chache. Kwa kinasa cha dijitali, faili ambalo halijafungwa linaweza kuharibika lote. Ndiyo maana kabla ya kutazama idadi ya madoido natazama kifaa kinakula umeme wa aina gani. Zoom L-8 inakubali umeme wa USB kutoka pawabenki, hata betri nne ndogo za kawaida, na ina matundu sita ya maiki. Ni chache kwa kwaya kubwa, lakini katika kijiji ambacho sola ndiyo tegemeo, maiki sita zinazowaka zinashinda kumi na sita zilizozimika. Mwenye miksa ya umeme wa ukutani anunue UPS kabla ya kununua maiki ya tatu.

Tuchukue sasa kazi yenyewe: kwaya ya watu ishirini na tano, sebule kubwa ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu. Kwenye L-12 naipanga hivi. Chaneli ya kwanza hadi ya nne ni za sauti nne, kila kundi maiki yake. Ya tano ni ya kiongozi. Ya sita ni ngoma kubwa, ya saba ni ngoma ndogo pamoja na manyanga, ya nane ni maiki moja ya mbali inayochukua chumba chote. Kinanda kinaingia kwa jeki mbili kwenye chaneli ya tisa na ya kumi, hakipiti hewani kabisa. Waimbaji wanakaa nusu duara wakimtazama mwalimu. Kama maiki iko sentimita 60 kutoka kwa kundi lake, maiki ya jirani naiweka angalau mita 1.8 kutoka kwenye hiyo ya kwanza, mara tatu ya umbali ule. Zikikaribiana kuliko hapo, sauti moja inazifikia zote mbili kwa nyakati zinazopishana kidogo, na ukizichanganya wimbo unasikika kama unatoka ndani ya bomba.

Ngoma ndiyo inayosumbua. Padre Stephen Mbunga, mtunzi na mwanazuoni wa huku kusini, alichapisha mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia. Tangu hapo ngoma imeshika kiti chake karibu na kinanda, na fundi wa sauti anatakiwa kuipa heshima hiyo bila kuiacha imeze waimbaji. Usiifunike kwa blanketi wala usimwambie mpigaji apige taratibu, maana ukimpunguza yeye umeipunguza kwaya nzima. Msogeze nyuma ya maiki za waimbaji. Maiki nyingi za kuimbia zina upande wa mgongo usiosikia vizuri, basi mgongo huo uelekee ngoma. Kwenye chaneli za sauti washa kichujio cha kukata mitetemo ya chini, kwenye hezi 80 hivi, ila kwenye ngoma kubwa kiache kimezimwa.

Halafu geini, kitufe cha juu kabisa kwenye chaneli, ambacho watu hukizungusha harakaharaka ili wafike kwenye mwangwi. Geini inafanya kazi wakati sauti bado ni umeme wa kawaida, kabla haijageuzwa kuwa namba. Sauti ikipasuka hapo, hakuna fada, ekwalaiza wala programu itakayoirudisha sawasawa. Usiwaambie waseme "haloo, haloo". Waambie waimbe kiitikio chenye nguvu kuliko vyote, wakiwa wamesimama kama watakavyosimama, kisha weka kilele kwenye desibeli 12 hivi chini ya sifuri. Ngoma ipe nafasi zaidi, hata 18. Mafundi waliozoea mkanda wanaogopa kurekodi chini namna hiyo wakidhani kelele za nyuma zitapanda. Ukirekodi kwa biti 24 nafasi ni kubwa mno, hofu hiyo haina msingi tena. Kinachotokea kweli ni kwamba taa nyekundu ikiwaka watu huimba kwa nguvu kuliko walivyofanya kwenye majaribio, na ile nafasi uliyoacha ndiyo inayokuokoa.

Hedifoni wapewe mwalimu na mpiga kinanda tu. Kwaya isikie kwa masikio yake, kinanda kikiwafikia kwa spika ndogo iliyofunguliwa kidogo. Sauti za hedifoni na za spika hiyo zichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye miksa, zisizungushwe kwenye kompyuta kwanza. Sauti hewani inakwenda mita moja kwa karibu milisekunde tatu, kwa hiyo mtu aliye mita tatu kutoka kwenye ngoma amezoea kuchelewa kwa milisekunde tisa na hajali. Kompyuta iliyolemewa inaweza kuchelewesha mara kadhaa ya hapo, na mpiga kinanda ataanza kuburuta mwendo bila kujua sababu.

Mvua ikianza kwenye bati, zima. Hakuna dawa nyingine. Bahati nzuri kwaya nyingi zina fedha na nafasi wakati wa kiangazi, baada ya kahawa kuvunwa, na miezi hiyo bati linakaa kimya. Magunia ya kahawa ya maganda yaliyopangwa ukutani nayo yanapunguza mrudio wa sauti kuliko pazia lolote.

Kushuka ziwani ni kazi nyingine kabisa. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, sasa ni ya lami, na inakutoa kwenye baridi ya milimani hadi ufukwe ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Vifaa vilivyolala kwenye baridi ya Julai ukivifungua ghafla kwenye hewa ya joto na unyevu ya ziwani, vinatoka jasho ndani. Viache kwenye begi lililofungwa mpaka vipate joto la pale, ndipo uwashe.

Mganda unachezwa nje, kwa mistari iliyonyooka na sare zinazokumbusha gwaride la askari wa enzi ya ukoloni. Sauti yake ya pekee inatoka kwenye vipembe vya kibuyu vyenye utando mwembamba: mchezaji haimbi kwa mdomo mtupu, anaimbia ndani ya kibuyu, na utando unatia mtetemo unaokwaruza. Mtetemo huo ndio muziki wenyewe. Ekwalaiza ya kulainisha inaufuta, kompresa iliyokazwa inaugeuza kuwa mvumo wa nzi. Viache vyote viwili vimezimwa wakati wa kurekodi. Weka maiki mbili mbele ya mistari, juu ya vichwa, moja pembeni ya ngoma kubwa, na moja kwa kiongozi ikimtazama ubavuni ili pumzi isiigonge. Kila maiki ivae sponji na kitambaa juu yake, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi hauombi ruhusa. Funika fada kwa nailoni, vumbi la miguu ya wachezaji linaingia ndani na kuzikwamisha.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kazi ya baada ya kuzima. Katika biti 24 na kilohezi 48, traki moja inakula megabaiti 8.6 kwa dakika, traki 14 zinakula karibu gigabaiti 7.3 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa nne na kitu. Mzigo huo haupiti WhatsApp. Nakili kwenye diski mbili kabla ya mtu yeyote kuondoka eneo hilo, andika kwenye karatasi chaneli ipi ilikuwa ya nani, piga picha karatasi hiyo na iweke kwenye folda moja na sauti. Diski moja ni ya kwaya au ya kikundi, yenye traki zote zikiwa mbichi, si wimbo uliokamilika peke yake. Wimbo ni wao, na fundi mwingine miaka kumi ijayo, mwenye vifaa bora kuliko vyangu, anaweza kuufungua upya na kuuchanganya vizuri zaidi.