Fawn Brodie na Ushahidi wa Maneno

Fawn McKay Brodie (1915–1981) alizaliwa Ogden, katika jimbo la Utah nchini Marekani, katika ukoo mashuhuri wa Wamormoni; ami yake, David O. McKay, alikuja kuwa rais wa kanisa hilo mwaka 1951. Katika kitabu chake cha kwanza, No Man Knows My History (1945), alimsawiri nabii Joseph Smith kuwa mtunzi hodari aliyejibunia maandiko yake mwenyewe. Mwaka uliofuata kanisa lilimtenga. Yaelekea huko ndiko alikojifunza kutotishwa na simulizi rasmi za walinzi wa jina kubwa.

Aliandika pia wasifu wa Richard Burton, msafiri ajulikanaye sana Afrika Mashariki. Hata hivyo, nguvu na kasoro zake huonekana bayana zaidi katika Thomas Jefferson: An Intimate History (1974). Madison Hemings, mwana wa mtumwa Sally Hemings, alikuwa ameeleza katika gazeti la Ohio mwaka 1873 kwamba Jefferson ndiye baba yake. Wanahistoria wengi walilipuuza neno la mtu huyu aliyezaliwa utumwani, wakashika la wajukuu wa Jefferson, ambao waliwatwika lawama wapwa zake wa ukoo wa Carr. Brodie aliichapisha simulizi ya Madison nzima, akaipima kwa tarehe: kila Sally alipotunga mimba, Jefferson alikuwapo mahali pamoja naye. Huo ni uhakiki wa kweli.

Lakini Brodie huyo huyo alipoona kwamba mwaka 1788, safarini Uholanzi na Ujerumani, Jefferson aliuita udongo "mulatto", yaani chotara, mara nane, alifanya hiyo kuwa dalili ya mapenzi ya siri. Garry Wills alimpinga mara moja: Wamarekani wa wakati ule walilitumia neno hilo kwa udongo wa rangi ya kahawia. Neno la mkulima lilisomwa kama ungamo, bila kuuliza wenzake walilitumiaje.

Vipimo vya jeni vya mwaka 1998 viliunganisha kizazi cha Eston, mdogo wake Madison, na ukoo wa kiume wa Jefferson, vikauondoa ule wa Carr. Tangu hapo wako waliokitetea kitabu chote kana kwamba kila hoja yake imethibitishwa. Sivyo. Vipimo viliafikiana na Madison. Juu ya udongo wa Uholanzi havikusema kitu.