Galaksi "Zenye Upungufu wa Damu": Uhakiki wa Istilahi Moja

Miongoni mwa rasimu zilizofika mezani petu kwa ajili ya kukaguliwa, imo orodha ya istilahi za falaki iliyokusudiwa walimu wa fizikia wa shule za sekondari. Kazi hiyo kwa jumla ni nzuri, na mtayarishi wake anastahili pongezi kwa kutoyakimbia maneno magumu. Zimo kasoro ndogo ndogo. Mwanafalaki ameitwa "mnajimu", kosa ambalo tulidhani limekwisha zikwa zamani. Mnajimu hubashiri mambo ya watu kwa nyota, mwanafalaki huzipima nyota zenyewe. Hilo husahihishwa kwa mkato mmoja wa kalamu. Ipo, hata hivyo, istilahi moja isiyosahihishwa kwa urahisi huo, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Rasimu inazitaja "galaksi mzunguko zenye upungufu wa damu". Istilahi ya asili ilibuniwa mwaka 1976 na Sidney van den Bergh, mwanafalaki wa Kanada mzaliwa wa Uholanzi. Aliziona galaksi chache, hasa zile zilizomo katika makundi makubwa ya galaksi, ambazo zina mikono iliyojipinda kama galaksi nyingine za jinsi hiyo, lakini mikono hiyo haina nguvu: nyota changa za rangi ya buluu ni chache, gesi ya haidrojeni ni haba, na tofauti ya mwanga baina ya mkono na nafasi iliyo kando yake ni ndogo. Akazipa safu yao wenyewe na herufi A, akaiweka safu hiyo katikati ya galaksi zenye mikono dhahiri na zile za umbo la lenzi zisizokuwa na mikono kabisa. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni NGC 4921, iliyo katika kundi la Nywele za Berenike, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 320. Picha yake iliyopigwa na darubini ya Hubble na kutolewa mwaka 2009 huonyesha mikono iliyo kama ukungu, hata galaksi za mbali zaidi huonekana kupitia humo.

Kuhusu "mzunguko" hatutasema mengi. Neno hilo hueleza mwendo, wala si umbo. Sisi tunapendelea "msokoto". "Parafujo", ambalo nalo hutumiwa na baadhi ya waandishi, hupanda juu, ilhali galaksi hizi ni bapa kama chapati.

Tatizo ni damu. Katika Kiingereza neno lile la kitabibu limekwisha legea, hata husemwa juu ya hotuba iliyopooza. "Upungufu wa damu" halijalegea hata kidogo. Ni neno la zahanati. Mama mjamzito huambiwa hivyo akapewa vidonge vya madini ya chuma na kushauriwa ale mchicha. Mwanafunzi akilikuta katika somo la nyota hana budi kuuliza: damu ya galaksi ni kitu gani? Mwalimu atajibu kwamba ni gesi. Hapo mwanafunzi atakuwa amejifunza mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba gesi huzunguka ndani ya galaksi ili kuilisha, na kwamba ugonjwa umetoka mwilini mwake. Gesi ni malighafi ambayo nyota huumbwa kwayo, na ikiondoka pasipo nyingine kuja, nyota mpya hazizaliwi. Aidha, sababu inayotajwa zaidi hutoka nje. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walieleza kwamba galaksi inayokwenda kasi ndani ya kundi hukutana na gesi yenye joto kali iliyotanda humo, nayo gesi hiyo huisukuma na kuivua gesi yake, mfano wa upepo wa kusi unavyomvua mtu kofia. Galaksi M90, iliyoorodheshwa na Charles Messier mwaka 1781 na kutiwa na van den Bergh katika jamii hii, iko katika kundi la Mashuke. Mwaka 2016 watafiti walieleza mikia mirefu ya gesi inayotoka kwake. Lakini wapo pia waliosema, tangu 1980, kwamba galaksi huweza kukatiwa akiba ya gesi iliyo pembeni yake, ikamaliza polepole ile iliyobaki.

Kwa kuwa sababu ni zaidi ya moja, istilahi isiamue kesi hiyo. Na ieleze kinachoonekana tu.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tukope "anemia" na tumalize kazi. Hatukukubali, kwani mkopo huo unaileta zahanati ile ile kwa mlango wa nyuma. "Hafifu" lilituvutia, ila lahitajiwa kwa galaksi ambazo mwanga wake wote ni mdogo, kama ile ya Malin 1 iliyogunduliwa mwaka 1986. "Nyekundu" halifai pia, kwa maana galaksi msokoto nyekundu zimekwisha kuwa jamii nyingine katika maandishi ya wanafalaki.

Tunapendekeza "galaksi chujufu". Kanga iliyofuliwa mara nyingi huchujuka: maua na pindo huonekana pale pale yalipochapwa, rangi ndiyo iliyokwenda. Ndivyo galaksi hizi zilivyo. Tena kusema kanga imechujuka si kusema nani aliyeifua, wala kwa sabuni gani. Umbo la neno linafuata njia inayojulikana: changamka hutoa changamfu, kunjuka hutoa kunjufu. Mkono wake utaitwa mkono mchujufu, na hali yenyewe uchujufu. Atakayesema kwamba kitenzi hiki kinadai rangi ilikuwapo kwanza amesema kweli. Nasi twaona ni sawa, maana wanaohitilafiana juu ya namna gesi ilivyopotea hawahitilafiani kwamba ilikuwapo.

Rasimu tumeirudisha ikiwa na masahihisho hayo. Imebaki istilahi ya kule kukatiwa akiba ya gesi, ambayo rasimu imeiita "kunyongwa kwa galaksi". Hiyo hatujaipatia neno. Walimu wa fizikia wenye pendekezo watuandikie kabla ya kamati kukutana.