After Burner: Ndege Inayoziba Njia Yake

Mwaka 1987 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa After Burner, mchezo wa vita vya angani uliobuniwa na Yu Suzuki, muziki wake ukitungwa na Hiroshi Kawaguchi. Mchezaji anarusha F-14 Tomcat, ndege ya kivita ya Marekani ambayo filamu ya Top Gun ilikuwa imeipa umaarufu mwaka mmoja kabla. Wengi huusifu mchezo huu kwa kasi yake, kisha huishia hapo. Kwa maoni yangu, kasi hiyo inatokana na uamuzi mmoja wa kifani: mahali ndege ilipowekwa kwenye skrini.

Ndege tunaiona kwa nyuma, kubwa, katikati ya picha. Maadui na makombora yao huanza kama vidoa karibu na upeo wa macho, kisha hukua. Picha zenyewe ni bapa. Mashine huzikuza upesi mpaka jicho linakubali kwamba zinakaribia. Lakini ndege ya mchezaji imeziba pale pale hatari inapochomoza. Anayetulia katikati haoni kinachomjia. Basi analazimika kuhama kila mara, na akiutupa usukani ghafla kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndege inabiringika na dunia nzima inapinduka pamoja nayo. Tendo lile lile linalomwokoa ndilo linalompotezea mwelekeo. Wasiwasi wa mchezo huu umejengwa ndani ya picha, hauhitaji hadithi kuuchochea.

Mchezo huu ulichezwa kwanza katika kumbi za michezo, na kibanda chake kikubwa kilikamilisha kazi hiyo. Mchezaji aliketi ndani yake, na mtambo ukazunguka na kuinama kufuata mkono wake. After Burner II, iliyofuata mwaka huo huo, iliongeza mpini wa kasi. Sasa mchezaji angeweza kupunguza mwendo na kumwacha adui aliye nyuma ampite, hivyo kasi nayo ikawa uamuzi wake.

Matoleo ya nyumbani yanafaa kusomwa kama majibu ya swali moja: kibanda kikiondolewa, kinabaki nini? Toleo la 1987 la Master System, mashine ya nyumbani ya Sega, lilitumia kaseti ya megabiti 4, kubwa kwa wakati wake, likaitunza sura ya ndege. Hata hivyo, upeo wa macho haupinduki, na bila hilo kubiringika kunabaki pambo. Toleo la After Burner II la 1990 kwa Mega Drive, mashine nyingine ya Sega, lilitengenezwa na kampuni ya Dempa, ambao waligundua ugonjwa mwingine. Vitufe vya mwelekeo hujua upande tu, havijui kiasi, ilhali usukani wa kibandani ulipima kila inchi ya mkono. Ndiyo maana toleo hilo lilikubali pia kutumia XE-1 AP, kidhibiti chenye mpini unaopima umbali wa msukumo. Dempa walielewa kwamba umbo la mchezo lilianzia mkononi.

Jibu bora, kwangu, ni 3D After Burner II ya Nintendo 3DS, mashine ya mkononi inayoonyesha picha zenye kina, iliyotoka Japani mwaka 2013 kwa kazi ya studio ya M2. Kina cha picha kinamwonyesha mchezaji umbali wa kombora, jambo ambalo zamani alilikisia kwa ukubwa wake tu. Wazo la 1987 limeheshimiwa, na udhaifu wake umetibiwa.

Udhaifu mmoja, hata hivyo, hauna toleo lililouponya. Adui hana jina, vita havina sababu, na ndege zinazolipuka hazina watu ndani. Kasi haitupi nafasi ya kuuliza tunampiga nani. Fani iliyobana hivi inaweza kuvifanya vita vionekane safi, na mhakiki asiyelisema hilo atakuwa amesoma nusu tu ya kazi.

Pamoja na hayo, After Burner inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za fani yake. Ukipata nafasi ya kuicheza, usikimbilie kuhesabu alama. Itazame ile ndege katikati ya skrini, uone jinsi inavyokufichia njia na kukulazimisha kuitafuta.